Unachokihisi Miguuni Si Mvutano

Ubishi ulianza na klipu. Kijana wa bodaboda anayeegesha kwenye kijiwe chetu cha kahawa hapa Kigamboni, jirani na barabara inayoteremka pantoni, alitumiwa video kwenye kundi la WhatsApp. Ya dakika tatu tu, na msemaji wake anaongea kwa uhakika kama hakimu anayesoma hukumu: graviti, yaani mvutano wa dunia, haipo. Vizito vinazama, vyepesi vinaelea, basi. Jiwe linaanguka kwa kuwa ni zito kuliko hewa, puto linapanda kwa kuwa ni jepesi kuliko hewa. Mwishoni akamtaja mwanafizikia Einstein, eti hata yeye alisema mvutano si kani, yaani si nguvu ya kuvuta au kusukuma.

"Mwalimu, hii imekaaje?" Kijana akaniwekea simu mkononi.

Nafundisha fizikia sekondari, mwaka wa 11 sasa, na maswali ya namna hii pale kijiweni huwa yananisubiri mimi. Lakini kabla sijapiga funda la kwanza, fundi friji alikuwa ameshajibu. Mvutano upo, akasema, ila unatokana na hewa. Hewa ndiyo inayotukandamiza, na ndiyo maana mwezini, kusiko na hewa, watu walikuwa wanarukaruka. Muuza kahawa, birika mkononi, akaleta lake: ni dunia kuzunguka ndiko kunakotugandisha juu yake. Babu, aliyevua bahari hii tangu ujana mpaka magoti yalipomgomea, alikuwa kimya na kashata yake.

Majibu yote matatu nimeyasikia darasani mara nyingi, na hili la hewa linaniuma kwa sababu niliambiwa hivyo nikiwa shule ya msingi, nikaliandika kwenye mtihani na nikapewa vema. Miaka sita niliishi nalo. Mtoto akishapewa vema kwa jambo la uongo, kulitoa kichwani mwake ni kazi kubwa kuliko kumfundisha jambo jipya.

Nikaanza na hewa. Hewa kweli ina msukumo, na si mdogo: kila sentimita moja ya mraba ya ngozi yako inasukumwa sawasawa na uzito wa kilo moja hivi. Lakini inasukuma kutoka kila upande. Inasukuma juu ya meza na inasukuma chini ya meza. Ukijumlisha yote, kinachobaki ni msukumo mdogo sana wa kwenda juu, uleule unaopandisha puto. Kwa hiyo hewa inakupunguzia uzito, tena kidogo mno. Halafu fundi alikuwa amegeuza mambo: mvutano wa dunia ndio unaoishika hewa isitukimbie. Mwezini mvutano upo, sehemu moja ya sita ya huu wetu. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 alisimama pale mwezini mbele ya kamera, mkono mmoja nyundo, mkono mwingine unyoya wa kipanga. Akaviachia pamoja, na vikatua pamoja. Hakukuwa na hewa ya kuvisukuma chini, na bado vilianguka. Hewa ndiyo inayolifanya kuti lichelewe nyuma ya nazi. Ikiondoka, vyote vinakwenda sawa.

Na kuhusu dunia kuzunguka, nilimwonyesha muuza kahawa tairi la pikipiki. Siku ya mvua tope halishiki kwenye tairi linalozunguka, linarushwa nje mpaka mgongoni kwa abiria. Dar es Salaam inazunguka pamoja na dunia kwa mwendo wa kilomita zipatazo 1,660 kwa saa, na matokeo yake ni kutupunguzia uzito kwa kiasi cha theluthi moja ya asilimia. Dunia ikisimama kuzunguka tutakuwa wazito zaidi kidogo.

Nadhani sehemu ya tatizo inakaa kwenye neno nguvu. Tunasema chai haina nguvu, betri imeisha nguvu, bondia ana nguvu, nguvu ya mvutano. Neno moja limebeba kani, nishati, ukali na uwezo, na mtoto anaingia kidato cha kwanza na furushi lote hilo halijafunguliwa. Uzito nao ni hivyohivyo. Kilo ya sukari dukani ni kiasi cha sukari chenyewe, yaani tungamo, na kiasi hicho hakibadiliki hata ukihama dunia. Uzito ni jinsi dunia inavyokivuta. Mizani ya mawe ya sokoni ingepima sawasawa hata mwezini, kwa sababu jiwe nalo lingekuwa jepesi vilevile. Mizani ya springi ingekudanganya.

Bodaboda akasogea. "Lakini Mwalimu, wale wanaoelea kwenye chombo huko juu? Pale hakuna mvutano, hilo sote tunaliona."

Hili ndilo ninalotaka kukaa nalo.

Kituo cha Kimataifa cha Anga kinazunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 400 hivi. Ukipiga mstari ulionyooka kutoka Dar mpaka Dodoma, urefu wake ni huohuo. Sasa kutoka hapa tuliposimama mpaka kitovu cha dunia ni kilomita 6,370 na ushei. Ongeza 400 juu ya hizo, je, umefika mbali? Hujafika. Ungejenga mnara wenye kimo hicho ukasimama juu yake na mizani ya bafuni, mtu wa kilo 70 angesoma 62. Mvutano wa huku chini, karibu asilimia 90 yake iko pale juu. Na wangekuwa hawavutwi, chombo kingenyooka na safari yake kisirudi tena. Kinapinda na kuizunguka dunia kila dakika 90 hivi kwa sababu kinavutwa kila sekunde. Kinaanguka, ila kinakwenda mbele kilomita 7.7 kwa sekunde, na dunia ni mviringo, kwa hiyo kila kinapoanguka ardhi nayo imeshajikunja chini yake.

Nilipomaliza niliona macho yao. Hawakukataa na hawakukubali. Walikuwa wananistahi. Nikajua maneno yamefika mwisho wake, nikamwomba bodaboda aniletee chupa ya maji ya lita moja na nusu na msumari.

Msumari tuliupata jengoni mkabala na kijiwe, ghorofa ambalo halijaisha, limesimama kwenye zege za sakafu tatu. Ulikuwa wa inchi tatu, umepinda kidogo shingoni. Nikatoboa chupa pembeni, karibu na kitako, nikafungua kizibo. Maji yakatoka kama mkojo wa mtoto, yakichora upinde mpaka kwenye vumbi. Nikauliza: kwa nini yanatoka? Fundi friji akajibu vizuri kabisa, kwamba maji ya juu yanayalalia ya chini kwa uzito wake. Nikaziba tundu kwa kidole, tukaijaza tena, kijana akapanda nayo mpaka sakafu ya pili. Fundi akatayarisha simu yake kurekodi kwa mwendo wa polepole.

"Ukiiachia, toa na kidole," nikamwambia. "Usiirushe, iachie tu."

Akaiachia. Ilichukua muda wa kusema "moja" hivi, chupa ikapasuka chini, maji yakatulowanisha miguu. Tukakusanyika kwenye simu. Kwenye video, kidole kinatoka, maji yanachomoza mara moja, halafu chupa inapoanza kuondoka mkononi ule uzi wa maji unakatika. Chupa inateremka wima mbele ya ukuta wa matofali, tundu liko wazi kabisa, mwanga unapita kwenye plastiki, na hakuna tone jipya linalotoka. Fundi akairudisha nyuma mara nne. Mara ya nne akaweka kidole kwenye kioo, juu ya tundu, kama anayetaka kulihakikishia kwamba lipo.

"Limeziba?"

"Halijaziba, fundi."

Dunia haikuacha kuivuta ile chupa, kuanguka kwenyewe ni ushahidi kwamba inavutwa. Lakini chupa na maji vilivutwa kwa pamoja, kwa mwendo uleule, na hakukuwa na kitu cha kuizuia chupa isianguke. Maji ya juu hayakuwa na cha kulalia, kwa kuwa ya chini yalikuwa yanakimbia mbele yake kwa kasi ileile. Uzito ukatoweka ndani ya chupa huku mvutano ukiwa kamili. Wanaanga wako ndani ya chupa hiyo, ila yao haifiki chini.

Mwaka 1907, Einstein akiwa bado karani wa ofisi ya hataza, inayosajili uvumbuzi, huko Bern, aliwaza jambo hilihili: mtu anayeanguka kutoka juu ya paa, kwa muda ule anaoanguka, hauhisi uzito wake. Ilimchukua mpaka 1915 kulifikisha wazo hilo mwisho. Na hapo ndipo klipu ilipokwapua jina lake. Ni kweli kwamba kwa Einstein mvutano si kani kama zile nyingine. Ni jinsi tungamo linavyopinda nafasi na muda, na vitu vinafuata mpindo huo. Lakini kutoka hapo kwenda kusema haupo ni kuvuka mto usio na daraja. Mei 29, 1919, jua lilipopatwa, mwanaastronomia Mwingereza Arthur Eddington alikuwa kisiwani Príncipe, pwani ya magharibi ya bara letu hili, na wenzake wakiwa Sobral nchini Brazili, wakipima jinsi mwanga wa nyota unavyopinda ukipita karibu na jua. Ulipinda. Na ramani ya kwenye simu ya bodaboda inautegemea mpindo huo kila siku: saa za satelaiti za GPS zinakwenda mbele ya zetu kwa sehemu 38 kati ya sehemu milioni moja za sekunde kila siku, sehemu kubwa kwa sababu huko juu mvutano ni mdogo kuliko hapa. Bila kusahihishwa, makosa yangejilimbikiza kufikia zaidi ya kilomita 10 kwa siku, na abiria wa Mjimwema angetafutwa katikati ya bahari.

Hata ule "uelevu" wa klipu, kwamba vizito vinazama na vyepesi vinaelea, unaegemea kitu unachokikana. Kuzama kwenda wapi? Kwenye kituo cha anga, maji yakichemshwa, viputo havipandi, vinabaki vikivimba palepale. Mwali wa moto unakuwa wa duara badala ya kuchongoka, maana hewa ya moto haina juu ya kukimbilia. Uzito ukiondoka, kuelea nako kunaondoka.

Ikiwa mtu anayeanguka hahisi kitu, sisi tuliokaa kwenye benchi tunahisi nini? Tunahisi benchi. Nimewafundisha watoto kwa miaka mingi kwamba ule mzigo kwenye nyayo ndio mvutano, na sasa silisemi hivyo tena. Mvutano unakushika kila chembe ya mwili kwa pamoja, hauna mahali unapobonyeza. Kinachobonyeza ni sakafu. Elektroni za atomu za sakafu na elektroni za nyayo zako zinakataana: chaji zao zinasukumana, na kanuni ya kwanta, fizikia ya chembe ndogo kabisa, hairuhusu elektroni mbili kukaa katika hali ileile. Ule uzito unaousikia magotini ukishuka pantoni na ndoo ya samaki ni umeme wa atomu ukikuzuia usipite chini.

Fundi alitoka akarudi na spika mbovu aliyokuwa ameitoa kwenye redio. Akachukua ule msumari uliopinda, akauweka chini kwenye vumbi, akashusha sumaku ya spika taratibu. Msumari ukatikisika, ukajiinua, ukagonga sumaku kwa mlio. Wengine hawakuona ajabu yoyote, wameona sumaku tangu utotoni. Mimi nilitaka waitazame upya. Chini ya ule msumari ipo dunia nzima, milima, bahari, chuma chote cha kitovuni, vyote vinauvuta. Juu yake kuna kipande cha sumaku kinachoenea kiganjani. Dunia ikashindwa. Mvutano ni kani nyonge kuliko zote tunazozijua. Ukichukua protoni mbili, chembe zinazokaa ndani ya kiini cha atomu, zinavyosukumana kwa chaji zao kunazidi zinavyovutana kwa mvutano mara 1 yenye sifuri 36 mbele yake.

Kani za asili ziko nne. Ukitoa mvutano na sumakuumeme, yaani umeme na sumaku vikihesabiwa kani moja, nyingine mbili nazo zimo kwenye msumari uleule. Kiini cha atomu ya chuma kina protoni 26, zote chaji chanya, zimebanwa mahali padogo mno, na zilipaswa kurukiana mbali. Zinashikwa na kani kali ya kiini, ambayo ina mshiko mkubwa kuliko zote lakini mkono wake haufiki nje ya kiini. Ya nne inaitwa kani dhaifu, na jina hilo linawafanya watu wadhani haina kazi. Kazi yake ni kugeuza: nyutroni, chembe ya kiini isiyo na chaji, kuwa protoni, au protoni kuwa nyutroni. Sehemu kubwa ya chuma tulicho nacho ilizaliwa kwenye nyota zilizolipuka, ikiwa nikeli 56. Kani dhaifu ikaigeuza nikeli ile kuwa kobalti 56, kisha chuma 56. Jua pia lisingewaka bila kani hiyo, na ni ugoigoi wake unaolifanya jua liwake polepole, miaka bilioni 4.6 sasa, badala ya kulipuka mara moja. Mpakistani Abdus Salam, Steven Weinberg na Sheldon Glashow walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1979 kwa kuonyesha kwamba kani dhaifu na ya sumakuumeme ni tawi mbili za shina moja. Salam ndiye aliyeanzisha kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, mwaka 1964, kwa ajili ya wanasayansi wa nchi kama zetu.

"Sasa kama mvutano ni mnyonge hivyo," bodaboda akauliza, "mbona ndio unaoshika jua na mwezi?"

Swali hilo lilinifurahisha kuliko yote. Kani mbili za kiini hazifiki mbali. Umeme unafika mbali, lakini una chanya na hasi, na vitu vikubwa vimechanganya vyote viwili kiasi kwamba vinafutana. Mvutano haufutwi. Kila chembe inaongeza wa kwake na hakuna chembe inayopunguza, kwa hiyo ukikusanya vitu vya kutosha mnyonge anakuwa mfalme. Na ushahidi mmoja wa ufalme huo umepitia pwani yetu wenyewe. Desemba 12, 1970, satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha uhuru wake, wakaipa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahususi kupima eksirei za angani, na ilipoitazama Cygnus X-1, chanzo kimoja cha eksirei huko angani, ikaona eksirei zake zinapepesa haraka mno, ishara kwamba zinatoka kwenye eneo dogo sana. Leo tunajua hapo pana shimo jeusi, mahali ambapo mvutano umezishinda kani zote. Sijui mwanafunzi wangu hata mmoja aliyelikuta jina hilo la Kiswahili, Uhuru, kwenye kitabu chake cha fizikia.

Ndipo Babu akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, mimi nina swali langu la zamani. Wanasema mwezi ndio unaovuta maji. Sawa. Mbona maji yanajaa mara mbili kwa siku? Mwezi ukiwa upande wa pili wa dunia, hapa unamvuta nani?"

Nikachukua vikombe vitatu kutoka kwenye sinia, nikavipanga kwenye mstari, birika likawa mwezi. Kikombe cha karibu ni maji ya upande wa mwezi, cha kati ni dunia yenyewe, cha mbali ni maji ya upande wa pili. Mwezi unavuta vyote, lakini cha karibu zaidi, cha kati wastani, cha mbali kidogo. Nikavisogeza hivyo: cha kwanza vidole vitatu, cha pili viwili, cha tatu kimoja. Mapengo yakatokea pande zote mbili. Maji ya mbali hayakusukumwa, yameachwa nyuma na dunia. Kinachojaza bahari ni tofauti ya mvutano, wala si mvutano wenyewe. Jua linaivuta dunia karibu mara 180 kuliko mwezi, lakini liko mbali mno, tofauti kati ya upande na upande ni ndogo, na mchango wake kwenye kujaa na kupwa haufiki hata nusu ya ule wa mwezi. Vikipangana mstari mmoja, mwezi mwandamo au mpevu, tunapata bamvua, maji yanayojaa na kupwa sana. Vikipishana pembe, maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo.

Babu alivitazama vikombe kwa muda mrefu. "Umenieleza vizuri," akasema. "Lakini vikombe vyako vinasema mwezi ukiwa utosini maji yamejaa. Hapa hayajai. Mwezi mpevu unafika utosini usiku wa manane, maji yanajaa karibu na alfajiri. Na bamvua kubwa si siku ya mpevu. Ni siku ya pili yake, wakati mwingine ya tatu."

Yuko sahihi. Mchoro wa vitabuni, ule wa dunia iliyovikwa maji kama yai, ungekuwa kweli kama bahari ingefunika dunia nzima bila bara. Maji yanayokuja Dar ni mawimbi marefu yanayozunguka kwenye beseni la Bahari ya Hindi, yanakutana na Afrika na visiwa, yanasuguana na sakafu ya bahari, na yanachelewa kumfuata anayeyavuta. Nimechora lile yai ubaoni kila mwaka na sikuwahi kuteremka pwani na saa mkononi.

Siku ya mwezi mpevu uliofuata tuliteremka wawili. Saa kumi jioni maji yalikuwa yamefika kwenye nguzo ya zamani ya kufungia mashua, yakasimama pale yakipumua bila kupanda. Babu aliniomba msumari, bado nilikuwa nao mfukoni, akachora alama kwenye mti mahali maji yalipoishia. Kesho yake tulifika mapema tukalazimika kungoja, yalichelewa kama dakika arobaini. Yalipofika, alama yake ilikuwa ndani ya maji. Akainama kwa shida, akatumbukiza mkono, akapima kutoka juu ya maji mpaka kwenye mkwaruzo.

"Vidole vinne," akasema. "Kesho tena."

Nikampa mkono, tukapanda.